Nanaa, Barafu na Siku ya Farasi

Kila watu wana kinywaji chao, na kila kinywaji kina siku yake. Mchaga haozi binti pasipo mbege. Mhehe, mvua zikishanyesha, ana ulanzi wake. Sisi wa Tanga tuna madafu mchana na, kwa wanaotaka, mnazi jioni. Na yule mzee asiyegusa kileo hata tone ana kahawa yake chungu barazani, na kipande cha kashata pembeni. Ukimwuliza mmoja wao kwa nini iwe hiki na si kingine, atakujibu kwamba ndivyo walivyokuta. Walakini ukichunguza utaona kwamba ndani ya kikombe kimoja mna historia ya nchi nzima: nani alilima, nani alipika, nani alikunywa, na nani alisimama pembeni ameshika sinia.

Watu wa Kentucky, jimbo mojawapo la Marekani, wana chao pia. Wao hukiita mint julep. Mimi nitakiita julepu ya nanaa. Siku yake ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Mei, zinapokimbizwa mbio za farasi za Kentucky Derby katika uwanja wa Churchill Downs, mjini Louisville. Najua kwamba wako watakaoshangaa kuona mwalimu mkuu mstaafu, aliyetumia miaka zaidi ya thelathini akiwaonya vijana juu ya pombe, sasa anakalia kuandika habari za kileo. Nawaomba wavute subira. Siandiki kusifu ulevi.

Nianze na jina, maana sisi tuliopita chuo cha ualimu enzi zile tulifundishwa kutovuka neno gumu bila kulifungua. Julepu ni neno lililosafiri sana. Asili yake ni Kiajemi, gulab, yaani maji ya waridi. Waarabu wakalichukua wakaliita julab, na kutoka kwao likaingia Ulaya likiwa na maana ya sharubati tamu ya kumezea dawa chungu. Hapa msomaji wa Pwani atatabasamu, kwa sababu maji ya waridi tunayajua: ndiyo marashi tunayonyunyiziwa kwa mrashi harusini na maulidini. Basi neno lile lile lililokwenda magharibi likawa dawa, kisha likavuka bahari likawa kileo, huku kwetu lilibaki jamaa ya harufu ya harusi. Mwaka 1803 msafiri mmoja Mwingereza, John Davis, aliandika kitabu kuhusu safari zake Marekani, na humo anaeleza kwamba julepu ni kileo kikali chenye nanaa ndani yake, ambacho watu wa Virginia walikunywa asubuhi. Asubuhi, msomaji! Kumbe hata huko waliianza vibaya.

Namna ya kuitengeneza si ngumu, ila inataka mkono wenye adabu. Sukari huyeyushwa katika maji ya moto kwa kiasi sawa kwa sawa, ikaachwa ipoe. Majani ya nanaa nane au kumi huwekwa katika kikombe pamoja na kijiko kimoja cha sharubati ile, yakabonyezwa taratibu kwa mgongo wa kijiko. Asiyejua huyatwanga kama anatwanga kisamvu. Hapo ameharibu, kwa sababu jani likichanikachanika hutoa uchungu, na kinachotakiwa ni mafuta yaliyo juu ya ngozi yake tu. Kisha humiminwa pombe ya bourbon, kama mililita 60, na kikombe kujazwa barafu iliyosagwa hadi ikae juu kama kofia. Hukorogwa mpaka kikombe, ambacho kwa desturi ni cha fedha, kiote ukungu mweupe kwa nje. Mwisho huchomekwa kishada cha nanaa, na mrija mfupi kando yake, makusudi ili pua ya mnywaji izame katika majani kabla ulimi haujaonja. Kikombe hushikwa ukingoni au kwenye kitako, ili joto la kiganja lisiondoe ule ukungu.

Barafu ndiyo iliyokifanya kinywaji hiki kiwe cha kuburudisha, nayo ina hadithi yake. Zamani kabla ya mashine, mfanyabiashara wa Boston, Frederic Tudor, alikata barafu katika maziwa ya kaskazini wakati wa baridi kali, akaisafirisha kwa meli hadi nchi za joto: mwaka 1806 alipeleka Martinique, na mwaka 1833 hadi Calcutta kule India. Mwaka huo huo wa 1833 Wamarekani walitia sahihi mkataba wa biashara na Sayyid Said, na kitambaa chao kikajaa Unguja hata leo tunakiita merikani. Wengine waliletewa barafu, sisi tukaletewa nguo.

Sasa nifike penye uzito. Bourbon ni nini? Ni mahindi. Sheria ya Marekani inataka nafaka zake zisipungue asilimia 51 za mahindi, ikae katika pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani hadi likawa jeusi, na itiwe chupani ikiwa na nguvu isiyopungua asilimia 40. Rangi yake ya kahawia na utamu wake kama wa sukari guru hutoka katika mbao zile zilizochomwa. Kila mwaka sehemu ya pombe hupotea hewani kupitia mbao, na watengenezaji huiita fungu la malaika. Kwa hiyo ukiiondolea pipa na umri, bourbon ni ndugu wa gongo. Nafaka huchachushwa, huchemshwa, mvuke hukingwa, tone hudondoka. Tofauti ni pipa, sheria na lebo.

Gongo naijua, ingawa sikuinywa. Tulikuwa wawili chuoni, tukilala chumba kimoja, tukasoma kwa taa moja. Mwenzangu alikuwa fundi wa hesabu. Alikuwa akiandika swali ubaoni kwa mkono wa kulia huku ameshaandika jibu kichwani. Tulipohitimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 tulipangiwa wilaya jirani. Kwanza ilikuwa glasi moja jioni ya mshahara. Kisha jioni zote zikawa za mshahara. Nilimtembelea, nikazungumza naye, akaahidi. Akatimiza miezi mitatu, akarudi. Tulimzika mwaka 1986, naye hajafika umri wa miaka arobaini. Ninachokikumbuka kuliko vyote ni mkewe, aliyekaa mkekani hatoi chozi, kana kwamba machozi yote aliyalipa kidogo kidogo kabla ya siku ile. Watoto watatu.

Ndiyo maana, nilipokwenda Louisville mwezi Aprili mwaka 2022 kumwona binti yangu, nikakuta chupa ya bourbon katika kabati la jikoni, nyuma ya mfuko wa unga, moyo wangu uliruka.

Binti yangu ni muuguzi. Mumewe ni Mkongomani wa Fizi aliyefika Kentucky kama mkimbizi, kijana mpole, anayefanya kazi usiku ya kupanga vifurushi kwenye uwanja wa ndege. Wako Waswahili wengi katika mji ule, wengi wao wakitoka Kongo. Dukani nilisikia Kiswahili, kanisani nilisikia Kiswahili, ingawa chao si sawa na cha Muheza. Mkwe wangu aliniita Papa, alinipokea kwa mikono miwili, hakuketi kabla sijaketi. Lakini desturi yake na yangu zilikubaliana katika jambo moja: mkwe hanywi mbele ya mkwe, wala mkwe hamhoji mkwe juu ya kikombe chake. Kwa hiyo sikuweza kuuliza. Nilikaa na chupa ile kichwani wiki mbili, kila nikimsikia anarudi alfajiri nikisikiliza hatua zake kama zimenyooka.

Siku ya Derby ilikuwa tarehe 7 Mei. Hatukwenda uwanjani, ambako hukusanyika watu kama laki moja na nusu. Jirani yao, mzee wa Kentucky wa makamo yangu, alitualika nyuani kwake na kuweka televisheni varandani. Wanawake walivaa kofia kubwa zenye maua. Mzee yule alikuwa na vikombe sita vya fedha alivyorithi kwa mama yake, na nanaa ilikuwa imejiotea kando ya bomba la maji kama inavyojiotea kwetu. Alitengeneza julepu mbele yetu bila haraka, kisha akaniuliza, kwa heshima, kama nataka yenye bourbon au isiyo nayo. Nikasema isiyo nayo. Hakuniuliza sababu, akanitilia maji ya tangawizi badala yake. Mkwe wangu alipofikiwa aliinamisha macho.

“Papa,” akanong’ona, “mimi ningoje kwanza.”

Nikamwambia, “Chukua, baba. Mwenye nyumba anatoa kwa moyo. Mimi sioni vibaya.”

Akachukua. Nami, nakiri, nikawa msimamizi wa mtihani. Nilitazama mara ngapi anainua kikombe. Na hapo niligundua siri ya kinywaji hiki: barafu haikuruhusu kukimbia. Kila ukikaribia kunywa, nanaa inakuziba pua na baridi inakufunga meno. Lile fungu la kwanza ni kali, kisha barafu inayeyuka, na kadiri muda unavyokwenda ndivyo kikombe kinavyozidi kuwa maji. Anayekinywa kama kinavyotakiwa humaliza saa nzima na kikombe kimoja. Gongo haina barafu wala nanaa. Hunywewa mara moja kwa kufumba macho. Hata hivyo sitaki nimdanganye mtu. Uwanjani siku zile mbili za mbio inatajwa kwamba huuzwa julepu kama 120,000, na si zote zinazonyweka kwa adabu. Kileo ni kileo, kiwe katika fedha au katika kibuyu.

Mbio zenyewe ni za dakika mbili. Farasi wa umri wa miaka mitatu, wasiozidi ishirini, hukimbia kama mita 2,000. Aliyekimbia upesi kuliko wote hata leo ni Secretariat, mwaka 1973, kwa dakika moja na sekunde 59 na ushei. Mwaka ule tulioketi sisi, farasi aliyeitwa Rich Strike hakuwamo hata katika orodha. Alikuwa wa akiba. Ijumaa asubuhi, siku moja kabla, farasi mwingine aliondolewa, naye akaingizwa dakika za mwisho, akapangwa pembeni kabisa. Waliobahatisha walimpa nafasi moja kwa themanini. Ilipofika kona ya mwisho alikuwa bado nyuma ya wengi, kisha mpandaji wake, Sonny Leon wa Venezuela, akampenyeza ndani kando ya uzio, akawapita mmoja mmoja, akashinda. Varandani palikuwa kimya kwanza, halafu kila mtu akapiga kelele. Mimi nilisimama bila kujua nimesimama. Niliwakumbuka watoto wangu wa chaguo la pili, wale ambao majina yao hayakutoka katika orodha ya kwanza ya sekondari, wakaitwa baada ya wiki kadhaa kwa kuwa mwingine hakuripoti, wakaenda na sanduku la kuazima. Wengine wao leo ni madaktari. Mwalimu anayemwambia mtoto wa akiba kwamba amekwisha, hajui kazi yake.

Lakini ilinipasa kumwuliza mzee yule swali lililokuwa likinikera tangu nifike: mbona katika mchezo wenyewe simwoni mtu mweusi juu ya farasi? Hakukwepa. Siku ya pili yake alinipeleka katika makumbusho yaliyo pale pale uwanjani, nikasoma mwenyewe. Mbio za kwanza, tarehe 17 Mei 1875, zilikuwa na wapandaji kumi na watano, na kumi na watatu kati yao walikuwa weusi. Aliyeshinda alikuwa Oliver Lewis, juu ya farasi Aristides, aliyefunzwa na Ansel Williamson, mtu aliyezaliwa utumwani. Katika mbio ishirini na nane za kwanza, kumi na tano zilishindwa na wapandaji weusi. Isaac Murphy alishinda mara tatu, miaka ya 1884, 1890 na 1891. Jimmy Winkfield alishinda mwaka 1901 na 1902; kisha, ubaguzi ulipozidi na vitisho kuongezeka, alikwenda Urusi kuwapanda farasi wa matajiri, mapinduzi yakamfukuza huko, akaishia Ufaransa, alikofariki mwaka 1974. Baada ya mwaka 1921 hapakuwa na Mmarekani mweusi aliyepanda katika Derby hadi mwaka 2000.

Na kikombe nacho? Katika karne ya 19 miongoni mwa mabingwa wakubwa wa julepu kule Kusini walikuwa watumwa. Mmojawao ni John Dabney wa Richmond, Virginia. Aliyemmiliki alimruhusu afanye kazi ya kuandaa vinywaji na vyakula, na kwa fedha alizobakiza alinunua uhuru wa mkewe, akaanza kulipia uhuru wake mwenyewe. Vita vikaisha, utumwa ukafutwa, deni likafa kisheria. Dabney akaenda akalipa kilichobaki, kwa sababu alikuwa ametoa ahadi. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Kuna atakayesema alikuwa mjinga kulipia kitu ambacho hakuna mwanadamu aliye na haki ya kumwuzia mwenzake. Nami nakubali kwamba deni lile lilikuwa dhuluma tupu. Ila naona kwamba mtu aliyeuzwa kama ng’ombe alitaka, zaidi ya fedha zile, ijulikane kwamba neno lake ni zito kuliko neno la waliomwuza. Nisingemfundisha mwanafunzi afanye hivyo. Lakini ningemweleza habari zake.

Jioni ile ya Derby, jua halijazama ingawa saa moja ya usiku ilishapita, nilimkuta mkwe wangu jikoni kwa jirani akiosha vile vikombe vya fedha. Alikuwa amekunywa kimoja tu. Tulikuwa peke yetu. Nikaona afadhali nivunje desturi kuliko kurudi Muheza na donge. Nikamweleza juu ya mwenzangu wa chuoni, tangu taa moja hadi mkekani. Kisha nikamwambia, “Nimeona chupa nyuma ya unga.”

Akafunga bomba. “Papa, ile chupa nilinunua mwaka jana, mwezi wa tano, kwa siku kama ya leo. Mama watoto anajua. Iko nyuma ya unga kwa sababu ya watoto.”

“Na usiku, ukitoka kazini?”

“Usiku nakunywa chai. Muulize yeye.”

Sikumwuliza. Mwalimu hasahihishi karatasi kwa kutazama uso wa mtahiniwa, wala hamwiti mke awe shahidi dhidi ya mumewe akiwa yeye ni mgeni wa siku ishirini. Nilichosema ni kwamba siku akiona chupa inapungua kabla ya Mei, asimngoje mtu aigundue. Anipigie mimi, hata usiku wa manane, nami sitamhukumu. Akanipa mkono, ukiwa na maji bado. Tukakausha vikombe vilivyobaki bila kusema kitu.

Tangu hapo, kila Mei hunipigia simu, nami humwuliza matokeo ya mtihani. Hucheka, akanitajia chupa imefika wapi. Sina njia ya kuhakiki, na sitaki kuwa nayo. Uaminifu unaopimwa kila siku haukui, kama mmea unaong’olewa kutazamwa mizizi.

Vijana wa hapa kwetu nao wana farasi wao. Hawana uwanja wala kofia za maua. Wana simu mkononi na mikeka ya kubeti, kila siku ni Jumamosi ya kwanza ya Mei, na hilo ndilo linalonitisha. Starehe iliyofungiwa siku moja kwa mwaka, yenye wazee, watoto na majirani waliokaa pamoja, ina uzio wake. Starehe isiyo na siku haina mahali pa kukomea. Nimewaambia hivyo walimu vijana wanaokuja kunitembelea, nao hunisikiliza kwa adabu, ingawa mmoja juzi alikuwa akichungulia simu chini ya meza.

Nimepanda nanaa kando ya mfereji wa maji machafu ya jikoni, imetapakaa. Wajukuu wakija nawatengenezea julepu ya tangawizi: majani nane, yabonyezwe, yasitwangwe, sukari kidogo, barafu tunanunua kwa jirani mwenye friji kubwa, tunaiponda ndani ya gunia safi kwa mchi. Vikombe vyetu ni vya bati, lakini vinaota ukungu sawasawa na vya fedha. Wakiwa wananyonya mrija nawauliza ni nani alishinda mbio za kwanza, mwaka gani, na nani alimfunza farasi. Mdogo kuliko wote, wa darasa la pili, hulijua jina la Oliver Lewis vizuri kuliko majina ya shangazi zake.